Kilemba cha Mkono wa Chuma

Umeona. Usiniambie hukuona. Miaka kumi umepita kando ya ule uzio mweupe wa Eneo Huria la Kange, asubuhi ukienda, jioni ukirudi, na kila mara shingo yako imegeukia upande wa pili kana kwamba huko kuna harusi. Wiki hii ukuta wa kaskazini wa kiwanda umejikunja mchana kweupe, pindo juu ya pindo, kama mkeka unavyokunjwa matanga yakiisha, ukajisukuma wenyewe ndani ya kontena. Ukasimama. Ukapiga picha. Ukamtumia shemeji yako na neno moja: "Teknolojia!" Kisha ukaenda kununua dagaa.

Basi leo kaa hapo hapo. Utasikia yaliyokuwa ndani ya uzio. Waliokuwa ndani wamefungwa midomo kwa karatasi, na wewe uliye nje umejifunga mwenyewe, bure.

Tuanze na mkono.

Ulikuwa ukining'inia kwenye reli ya dari, Ukumbi wa Tatu, saa mbili na robo asubuhi: mkono wa chuma wenye rangi ya maziwa, vidole vitano vyembamba kama vijiti vya mishikaki, kiwiko kimoja, bega hakuna. Chini yake palikuwa na bamba la kioo cheusi lenye ukubwa wa kiganja. Juu ya bamba, kama una macho mazuri na taa imekaa sawa, ungeona kitu kinametameta: kishipa.

Kishipa ni uzi unaobeba hisia. Mtu aliyekatwa mguu akiwekewa mguu wa kutengenezwa anatembea, lakini hajui anakanyaga nini. Mguu huo ukiungwa na mwili wake kwa vishipa, akikanyaga mchanga anasikia mchanga, akikanyaga maji anasikia baridi. Kila kishipa husukwa kwa nyuzi saba, kila moja nyembamba kuliko utando wa buibui, zikipishana juu na chini. Msukaji akizidisha nguvu kwa kiasi cha pumzi moja tu, mgonjwa kule aliko atakanyaga maji na kusikia moto. Vishipa vya dunia nzima, vitatu kati ya kila vitano, vilikuwa vikisukwa Tanga. Ulilijua hilo? Hukulijua. Ulijua matokeo ya mpira ya Ulaya.

Mkono ulisuka. Juu, chini, juu. Ghafla ukasita. Kidole gumba na cha shahada vikauacha uzi, vikapanda taratibu hewani kiasi cha shubiri mbili, hadi mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote, vikatulia hapo kwa muda wa kumeza mate. Kisha vikashuka na kuvuta.

"Mwe!" Mwanaheri Semboja akashika kiuno. "Si mimi yule?"

"Ni wewe mtupu," alisema Salome Mnkande, jirani yake wa kiti cha pili. "Kasoro yeye hana domo."

Ukumbi mzima ukacheka. Walikuwa wanawake mia mbili na sabini kwenye kiwanda kile, na kila mmoja alijua vile vidole vilikuwa vikienda wapi. Mwanaheri, miaka arobaini na sita, alifundishwa kusuka ukili na mama yake tangu hajaota meno ya ukubwa, na msuka ukili hulowesha vidole kwa ulimi ili jani la mwaa lisiteleze. Alipoajiriwa kiwandani alikatazwa kulamba vidole. Aliacha kulamba, lakini vidole havikuacha kupanda mdomoni. Alipovalishwa glavu-nukuzi, zile glavu zinazorekodi kila mgandamizo, kila mtetemo, kila kusita kwa mkono wa mtu, zikanukuu na hilo. Wataalamu wakajaribu kulifuta. Kila walipolifuta, uzi ulikatika. Ndipo walipogundua kwamba ule muda wa kupandisha vidole mdomoni ndio uzi unaoutumia kupumzika na kukaza. Huko makao makuu, upande wa pili wa dunia, iliandikwa ripoti ya kurasa arobaini kuhusu "kipindi cha utulivu wa uzi". Kurasa arobaini. Jina la Mwanaheri halimo hata kwenye tanbihi.

Kampuni yenyewe iliitwa Orvane. Ilikuja mwaka 2061. Kwao mikono imezeeka na ya vijana ni ghali, basi wakatafuta mahali penye mikono mingi, umeme wa uhakika na serikali yenye haraka. Wakapewa ardhi bure, maji nusu bei, kodi hakuna kwa miaka kumi. Siku ya uzinduzi utepe ukakatwa, ngoma zikalia, mkubwa mmoja mwenye miwani akasema maneno ambayo wazee wa mji huu wangeweza kuyasema pamoja naye kwa ghibu: hawa wageni watatuachia ujuzi.

Watatuachia! Mji huu umeshaambiwa hivyo mara ngapi? Mababu waliletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Songea, Burundi, wakaitwa kwa namba badala ya majina; katani ikaondoka ghafi, ikarudi kamba, tukainunua. Vikaja viwanda, vikalia ving'ora asubuhi, watu wakapanga maisha yao kwa king'ora. King'ora kikanyamaza, mashine zikauzwa chuma chakavu, wezi wakamalizia mabati. Kila mara aliyeondoka aliondoka na kitu, akatuachia magofu na hotuba. Lakini hizo zamani angalau mikono ilibaki. Mgeni alichukua katani, hakuweza kuchukua namna ya kuikata. Sasa sikiliza hawa walichukua nini.

Mikono ya chuma ilikuwa imerithi kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo wasukaji waliliita kurudisha. Hewa ya Tanga ina unyevu. Mara kwa mara uzi hulegea katikati ya msuko, na kishipa kizima huwa cha kutupwa. Mashine ilikata na kuanza upya. Mtu mwenye kipaji aliweza kuuhisi ulegevu kabla haujatokea, akaulegeza zaidi kwa makusudi, akaufuatisha na wenzake, akaurudisha kwenye mstari bila kukata. Wanawake kumi na mmoja tu waliweza. Aliyewafundisha wale kumi ni Mwanaheri.

Bwana Faraji Lukindo, meneja wa watumishi, alimwita ofisini mwezi mmoja kabla ya miaka kumi kutimia. Ni mtu wa hapa hapa, wa Korogwe, suti ya kijivu, sauti kama mafuta ya nazi.

"Siku tatu tu, Bi Mwanaheri. Unavaa glavu, unaurudisha uzi, mkono unakutazama. Tutakupa cheo. Mwalimu Mkuu wa Mitambo."

"Na mkono ukishajua?"

"Si mtapumzika? Kazi ngumu itafanya mashine, nyinyi mtasimamia."

Alikubali. Usimcheke. Mama yake alimlea kwa neno kwamba mwenye ujuzi akimnyima anayejifunza, mikono yake hukauka. Kwake yeye, kiumbe kilichokaa mbele yake kikiangalia vidole vyake kilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hafundishwi nusu.

"Taratibu, mwanangu," aliuambia mkono siku ya kwanza, ulipokata uzi wa arobaini. "Usivute kama unamkomoa mtu. Uzi haujakukosea."

Siku ya pili ulikata kumi na mbili. Siku ya tatu, kwenye saa tano hivi, uzi ukalegea, mkono ukasita, ukashuka, ukaufuata, ukaurudisha. Salome akapiga kigelegele kilichotikisa vioo.

Na hapo ndipo wakafanya jambo ambalo hakuna watu wengine duniani wangelifanya. Walimtoa mwali. Ndiyo. Wakauvika ule mkono kanga, wakaupaka liwa kwenye viungo hadi Injinia akapiga kelele, wakauita Mwanachuma, wakauzunguka wakicheza na kuimba wimbo walioutunga hapo hapo:

Katoka ndani, katoka,
hana mama, ana mia mbili na sabini!

Bwana Lukindo aliwarekodi akitabasamu. Wanawake mia mbili na sabini wakishangilia kufuzu kwa kitu kilichokuja kuwatoa kwenye viti vyao. Ukiona video hiyo leo utalia. Au labda wewe utaituma kwa shemeji.

Injinia aliyepiga kelele aliitwa Tumbwene Mwaisaka, Mnyakyusa wa Kyela, mtunza mitambo, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye hofu usoni muda wote kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Mchana ule alimfuata Mwanaheri nyuma ya kantini, alikokuwa akila mihogo.

"Mama, umewahi kuangalia pembe za jengo hili?"

"Nina kazi ya kuangalia pembe mimi?"

"Zina bawaba."

Akamweleza, akiangalia nyuma kila baada ya sentensi. Kile hakikuwa kiwanda kama viwanda ulivyovijua. Kilikuwa kiwanda-mkunjo. Kila ukuta una bawaba, kila nguzo huingia ndani ya nyingine, sakafu hugawanyika vipande sitini, na kila kipande kina namba ya kontena lake tangu siku kilipotengenezwa. Siku tisa, kiwanda chote kiko melini. Kilibuniwa hivyo ili kihame kila msamaha wa kodi unapoisha. Kabla ya Tanga kilikuwa mahali pengine. Yale mabaka ya rangi ya samawati chini ya rangi nyeupe ni ya huko.

"Kilichokuwa kinakizuia ni kurudisha tu," alisema Tumbwene. "Bila kurudisha wanatupa vishipa vinne katika kila kumi. Nyinyi kumi na mmoja ndio mlikuwa msumari. Leo msumari umeng'oka."

Mwanaheri aliacha kutafuna. "Wewe ulijua lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Miaka miwili! Miaka miwili unakula bagia zangu, unaniita mama!"

"Nilisaini kunyamaza, mama. Nina..."

"Una nini? Una watoto? Mimi nimezaa kokoto?"

Tumbwene akaangalia nyuma tena. Halafu akasema lile alilokuja kulisema. Ipo sheria ya kunukuu mikono. Somo lililonukuliwa kwenye mwili wa mtu haliruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi hadi fundi mwenyewe atamke, kwa sauti yake na mbele ya mashahidi, kwamba mwanafunzi amefuzu na yuko huru. Somo la Mwanaheri lilikuwa bado na alama ya njano kwenye paneli ya ukutani. Halijafunguliwa. "Usitamke kitu," Tumbwene alisema. "Wakikuuliza hata habari za asubuhi, kohoa."

Mwanaheri hakukohoa. Alinawa mikono, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Lukindo bila kubisha hodi.

"Mwanafunzi wangu hajatoa kilemba," alisema.

"Kilemba gani tena?"

Naye akamweleza, kosa la kwanza, akamweleza vizuri, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu asiyejua huelezwa. Fundi wa pwani, awe seremala, mshona kofia au mpiga zumari, akimpokea mwanafunzi hamfungui mpaka siku ya kufuzu. Siku hiyo mwanafunzi humletea fundi kilemba, mbele ya watu. Fundi akipokea, amemwachia: nenda kafungue karakana yako popote, sikudai. Asipopokea, mwanafunzi bado ni wake, na zana zake hazina baraka.

"Sasa, kilemba chako wewe ni nini?" Bwana Lukindo alikuwa ameshika kalamu.

"Mkono ubaki. Ubaki Tanga, na kiti changu kibaki, na vya wenzangu. Hicho ndicho kilemba. Kitambaa ninacho nyumbani."

Bwana Lukindo aliandika kila neno. Akasema atalipeleka juu. Akamsindikiza hadi mlangoni, akamfungulia kwa mikono miwili.

Siku mbili kiwanda kiliwaka kwa furaha. "Umewabana!" Salome alimpiga bega. "Wazungu wamekutana na Msambaa!" Wanawake walitembea kwenye korido kifua mbele. Mtu akachora mkono wenye kilemba kwenye mlango wa choo. Tumbwene peke yake hakucheka, akawa anazunguka, anahesabu bawaba.

Ijumaa wakaitwa wote ukumbini. Kwenye skrini kubwa alitokea Mkurugenzi Mkuu, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe. Alizungumza lugha yake, na mkalimani-sauti akaitoa kwa Kiswahili safi kuliko cha mtangazaji wa redio. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Shikamoo, Mama Mwanaheri." Akainamisha kichwa.

Umeelewa walivyopigwa? Mkubwa wa kampuni nzima, kutoka upande wa pili wa dunia, anamwamkia msukaji. Wanawake wa nyuma walianza kujifuta macho. Mwanaheri mwenyewe akajikuta anaitikia, "Marahaba."

"Tumejifunza desturi yenu," ilisema ile sauti safi. "Mwanafunzi anamletea fundi wake heshima."

Reli ya dari ikalia. Mwanachuma akaja. Mkono ule ule, ukisafiri taratibu kutoka Ukumbi wa Tatu kupitia mlango mpana, na mwenzake wa kushoto kando yake, na juu ya viganja viwili vya chuma kulikuwa na kitambaa cha hariri rangi ya dhahabu, kimefumwa kwa vishipa halisi, kiasi kwamba ukikigusa nacho kinakugusa. Kilikuwa kilemba. Mikono ikasimama mbele ya Mwanaheri. Ikainama hadi magotini mwake, ikangoja.

Vigelegele.

"Usipokee, shoga," Salome alinong'ona bila kutikisa midomo. "Nakuomba. Usipokee."

Ni rahisi wewe kusema angekataa. Hukuwa pale. Watu mia mbili na sabini wanakutazama, mtu aliyekuamkia shikamoo anakutazama, na mwanafunzi uliyemwita mwanangu amekuinamia na zawadi mikononi. Alikotoka Mwanaheri, zawadi ya hadhara hukataliwa kwa adui tu, na anayeikataa kwa mwanafunzi wake amemlaani. Na tena alidhani, maskini, kwamba kitambaa ni ishara na sharti lake liko palepale. Si aliandikiwa kila neno?

"Nitapokea," alisema, "lakini kwanza neno langu kuhusu..."

Vigelegele vikaliziba lile "lakini" lake. Akanyoosha mikono. Hariri ikamshika vidole kama mtoto.

"Ahsante," alisema. "Nimepokea."

Kwenye paneli ya ukutani taa ya njano ikawa ya kijani. Tumbwene aliiona. Mwanaheri akamwona Tumbwene, na kwa uso wake akajua.

Jumatatu Bwana Lukindo aliwasomea karatasi. Sauti yake haikuwa na mafuta tena. Kampuni ilikuwa na mashine iitwayo mshauri-mila, ambayo hulishwa desturi za kila nchi wanakokwenda. Ile mashine haikujua habari za kilemba mpaka Mwanaheri alipozieleza ofisini. Sasa ilizijua. "Kwa desturi ya mahali," alisoma, "fundi aliyepokea kilemba mbele ya mashahidi amemfungua mwanafunzi wake na hana dai lolote juu yake, popote aendako."

"Na sharti langu?" Mwanaheri aliuliza. "Uliandika kwa mkono wako, Faraji."

"Niliandika. Hukuniambia nisaini."

Salome alitaka kumrukia, wakamshika. "Wewe ni mtoto wa nani wewe?" alipiga kelele. "Nani alikunyonyesha, hao?" Bwana Lukindo alipanga karatasi zake zikakaa sawa. Mchana huo huo naye alipewa barua yake ya kuagwa. Alikutwa amekaa kwenye ngazi za nje, suti ya kijivu, viatu mkononi, akiangalia namna ukuta wa ofisi yake unavyojikunja. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyekaa naye pia.

Wasukaji walipewa mishahara ya miezi sita na karatasi ya kusaini: hatutadai, hatutasema, hatutaweka pingamizi. Walisaini. Watoto wanakula kila siku, hawangoji kesi. Mwanaheri alikataa kusaini, lakini haikusaidia; aliyepokea kilemba hawezi kupinga, tayari ni sehemu ya mkataba.

Tumbwene naye hakuisaini karatasi hiyo. Alikuja nyumbani kwa Mwanaheri, mtaa wa Mwakidila, na mkataba mzima wa Eneo Huria kwenye begi lake, kurasa mia tatu na kitu, akaufungua juu ya mkeka. Kifungu cha thelathini na moja: mkazi yeyote wa mji ambaye hakuwahi kuajiriwa na mwekezaji anaweza kupinga kuondolewa kwa somo lililonukuliwa, ndani ya siku kumi na nne tangu lifunguliwe. Zikitimia saini mia tatu, za mkono, mbele ya karani wa uwekezaji, kontena zenye masomo hazitoki mpaka kesi isikilizwe na ijulikane ujuzi wa mkono wa mtu ni mali ya nani.

"Nani aliweka kifungu hiki?" Mwanaheri aliuliza.

"Mtu aliyejua hakuna atakayefika ukurasa wa mia mbili."

"Asiyewahi kuajiriwa," alirudia Mwanaheri polepole. "Yaani sisi tuliosuka hatumo."

"Hamumo, mama. Wanaoweza ni wale waliokuwa nje."

Tangu siku hiyo Mwanaheri amekaa mbele ya ofisi ya karani, barabara ya nne, kwenye kiti cha plastiki alichoazimwa na muuza magazeti. Haruhusiwi kusaini, lakini kukaa barabarani hakuna aliyemkataza. Anawaita wapita njia. Jana alimsimamisha dereva wa bodaboda, baba wa makamo.

"Kaka, kitambulisho unacho? Dakika mbili tu."

"Mimi sikufanya kazi kule, mama. Hainihusu."

"Ndiyo maana nakuita wewe. Waliofanya kazi wamezibwa. Wewe hujazibwa."

"Si waende tu? Kitakuja kingine."

"Kitakuja, kaka. Hiki chenyewe kilikuwa hicho kingine cha mahali fulani. Huko kinakokwenda sasa yuko mwanamke amekaa anasubiri kazi, ana vidole vyake na namna yake aliyofundishwa na mama yake. Ataketishwa mbele ya mkono wangu. Ataambiwa siku tatu tu. Hatajua kama mkono ule umeshakula mtu."

Yule baba aliangalia mlango wa ofisi. Aliangalia simu yake. Akasema ana abiria anamsubiri Chumbageni, anarudi sasa hivi. Mwanaheri akamjibu haya baba, nipo, akavuta kiti kwenye kivuli kilichohama.

Leo ni Jumatano. Kitabu cha karani kina saini hamsini na nane. Kontena kumi na nne zenye masomo ziko bandarini, na meli imeshafunga gati. Ofisi hufunguliwa saa mbili, hufungwa saa tisa na nusu, na Ijumaa saa tisa na nusu ndio mwisho.

Hukuwahi kuajiriwa Orvane. Hukuwahi kusaini kunyamaza. Umekaa nje ya uzio miaka kumi ukijiona huna lako, kumbe wewe ndiye pekee uliyebaki na mkono ulio huru. Usiseme kesho, kesho ni neno walilolitia kwenye hesabu zao. Acha kusoma. Chukua kitambulisho chako, mchukue na jirani yako aliyelala, na yule shemeji, shukeni barabara ya nne sasa hivi, mkaandike majina yenu.